Siku ya Kuhamisha Viti

Shuleni kwetu hapa Iringa, mwanafunzi akiingia Kidato cha Tatu anachagua mchepuo kwa kubeba kiti chake. Wa sayansi wanabaki darasani kwangu, wa sanaa wanavuka uwanja kwenda jengo la pili. Kila Januari nasimama mlangoni na chaki yangu, natazama viti vikinikimbia.

Nimechoka, nasema kweli. Nilianzia Chimala, mkoani Mbeya, kule kwenye joto na mpunga, nikifundisha hesabu na fizikia kwa sauti ya kutosha. Maabara hakuna, basi nikachemsha maji darasani kwa jiko la mchina. Nimekwenda hadi majumbani kubembeleza wazazi. "Mwalimu, hesabu zina wenyewe," wananiambia, huku wananimiminia chai. Zina wenyewe! Wenyewe akina nani, jamani, wanashuka na mvua?

Mwaka huu sikuhubiri sana, maana nilikuwa na tumaini langu. Binti yangu wa kuzaa alikuwa darasa hilohilo. Hesabu anazichezea tangu mdogo. Nikikosea ubaoni, wa kwanza kunyoosha mkono ni yeye, wala hanionei haya. Nilijua akibaki yeye, wasichana wenzake nao watabaki. Na mimi ningeamini kwamba miaka yote hii sikuwa natwanga maji kwenye kinu.

Asubuhi hiyo palikuwa na manyunyu na baridi yetu ile. Viti vikaanza kutoka, kimoja, viwili, halafu kundi zima. Mara nikamwona naye amekiinua chake, kile chenye mguu niliomfungia waya mwenyewe.

"We! Unakwenda wapi na hicho kiti?"

Makubaliano yetu ni kwamba shuleni ananiita Mwalimu. Siku hiyo alikitua kiti kizingitini, akasema taratibu ili wenzake wasisikie:

"Mama, fizikia naipenda. Ila kila jioni nakuona unavyorudi. Unakaa kwenye kochi na viatu vyako miguuni, huongei na mtu. Mimi sitaki kuwa hivyo."

Mimi, niliyewapigia watoto wa watu maneno kuanzia Mbeya mpaka huku, kuambiwa hivyo na mwanangu! Iliniuma, tena iliniuma sana. Nilitaka kumwambia kwamba fizikia haijawahi kunichosha hata siku moja, kinachonimaliza ni huku kubembeleza. Lakini kumwambia hivyo nako kungekuwa kubembeleza, na pumzi ya kumbembeleza wa kwangu sikuwa nayo.

Nikampokea kiti, maana mguu ule unahitaji kushikiliwa. Tukavuka uwanja wenye matope, yeye na begi lake, mimi na kiti. Nikakiweka karibu na dirisha, nikakitikisa kuona kama kimekaa sawa.

Darasa zima lilikuwa linatutazama.

"Asante, Mwalimu," akasema.