Shemeji, Uliiona

"Uliiona! Uliiona kwa macho yako yote mawili, leo mbele za watu unajifanya kipofu?"

Fundi wa kuchomelea hakunyanyua kichwa. Alikuwa amechuchumaa mbele ya geti lililolazwa chini, miwani yake myeusi ameipandisha kwenye paji la uso, anasugua kutu mahali ambapo hapakuwa na kutu hata chembe.

"Shemeji, niache nifanye kazi," alisema kwa sauti ya chini. "Wateja wanasikia."

"Wasikie! Nimekuja ili wasikie!"

Mteja mwenyewe alikuwa mmoja tu, mzee aliyekuja kuulizia grili za madirisha. Lakini banda la kinyozi lilikuwa mlango wa pili, na siku hiyo lilijaa watu wa kupiga soga. Kinyozi alizima mashine yake ili lisimpite hata neno moja.

"Bi Darubini!" aliita. "Vipi, leo wameshuka wangapi?"

"Wameshuka wote. Si hao umewakalisha hapo, hawana hata unywele wa kunyoa?"

Banda zima likacheka. Mwenyewe hakucheka. Alisimama pale na mikono yake iliyokunjamana kwa maji ya sabuni, anahema kama aliyepanda ngazi mbio, na shemeji yake anasugua chuma.

Huyo Bi Darubini hajawahi kuishika darubini hata siku moja. Jina alipewa na mtaa. Kazi yake ni kufua mashuka ya nyumba ya wageni, yale makubwa ya vitanda vya watu wawili, na anaishi katika chumba cha juu kabisa cha ghorofa moja kuukuu, ngazi zake zinaishia kwenye paa la zege. Mchana huwezi kuanika kitu chochote pale. Ng'ambo ya barabara kuna mashine ya kusaga, na vumbi la unga linapaa tangu asubuhi, linatua juu ya kila kitu kilicholowa na kukigandia. Kwa hiyo yeye huanika jioni, mashine ikishanyamaza. Anavaa tochi ya kichwani, anapita kamba hadi kamba, anabana vibanio, na akimaliza anageuza ndoo, anaikalia, anapumzisha kiuno. Sasa mtu aliyekaa juu ya paa usiku atatazama nini? Anatazama juu.

Ndiko alikoiona taa. Taa moja, rangi ya chungwa, inatokea juu ya tangi kubwa la maji la mtaa. Inasimama tuli. Halafu inapanda wima kama inavutwa na uzi, na kuzimika. Si ndege, kwa maana ndege anazijua, zinapita juu yake kila usiku na vitaa vyao vinavyokonyeza. Si nyota pia. Ameiona mara chache katika miaka yote aliyokaa hapo, na kila mara alisema alichokiona bila kutia chumvi: kuna taa, sijui ni nini. Habari za watu wa sayari nyingine waliziongeza wenyewe. Ajabu ni kwamba hilo neno "sijui" ndilo lililowaudhi kuliko yote. Angesema ni majini, wangemheshimu. Angesema ni mitambo ya serikali, wangemletea kiti.

Basi, jioni moja vijana wa mashine ya kusaga walikuwa wanafunga milango, wakatazama juu, wakaona kitu cheupe chenye mwanga, kikubwa kama mlango, kinaelea juu ya ghorofa. Kinakwenda, kinasimama, kinapotea, kinatokea tena pembeni. Walipiga mayowe mpaka mtaa ukatoka nje. Kesho yake mwenye nyumba akaja, mama mnene mwenye maneno machache, akasema wapangaji wake wanaogopa, wawili wanataka kuhama, na yeye anataka kujua kuna nini juu ya paa lake.

Bi Darubini alitaka kucheka. Akawaambia njooni jioni. Wakaja. Akaanika shuka bichi, akawasha tochi yake, akapita nyuma ya shuka. Mwanga ukajaa kitambaa chote, ukaelea, ukapotea alipofika ukingoni.

"Mmeona? Tochi na shuka. Nendeni mkalale."

Alidhani yameisha. Kinyozi ndiye aliyeyaanzisha upya.

"Kumbe!" alisema, na akapiga makofi kwa furaha. "Kwa hiyo miaka yote hii umekuwa ukiiona tochi yako mwenyewe, mama?"

Paa zima likaangua kicheko. Walicheka mpaka wengine wakajishikilia kwenye kamba zake. Aliwaambia tochi iko kichwani, taa iko juu ya tangi. Waliendelea kucheka. Aliwaambia hawa walioona shuka wakadhani jini ni wao, si yeye. Walicheka zaidi. Yaani wao ndio waliopiga mayowe, na yeye ndiye aliyeonekana mjinga.

Mwenye nyumba hakucheka. Alinyoosha mkono. "Nipe ufunguo wa paa."

"Kwa nini?"

"Mtu anayekimbizana na tochi yake usiku juu ya ghorofa yangu, ipo siku atadondoka, na mimi ndiye nitakayeulizwa."

Hapo ndipo alipomtaja shemeji yake. Maana mashuka yale mtu mmoja hayakamui. Mmoja anashika huku, mwingine kule, kila mtu anasokota upande wake mpaka maji yanachuruzika. Kwa kawaida alisaidiwa na mdogo wake, lakini mdogo wake aliteguka mkono, kwa hiyo akaja mume wake, huyu fundi. Na jioni mojawapo ya hizo, tochi ikiwa imezimwa, fundi mwenyewe ameishika anabadilisha betri, taa ikatokea juu ya tangi. Alisema, "Mama yangu!" akatupa betri, akakanyaga shuka safi kwa viatu vyake vya kazini. Walisimama wote wawili wanatazama mpaka ikazimika. Lile shuka Bi Darubini alilifua upya, na hakulalamika, kwa sababu kwa mara ya kwanza alikuwa na mtu.

"Muulizeni shemeji yangu," alimwambia mwenye nyumba. "Alikuwepo."

Shemeji alikuwepo hata siku ile ya tochi, amesimama nyuma ya watu. Wote wakageuka kumtazama. Akajikuna kisogo.

"Mimi nilikuwa natazama shuka," alisema.

Mwenye nyumba akachukua ufunguo.

Kwa hiyo ndiyo maana asubuhi hii amekuja kumsimamia fundi kichwani mbele ya kila mtu, na kama asingekuwa mume wa mdogo wake angemmwagia maji ya sabuni.

Fundi alipoona haondoki, akainuka, akamvuta nyuma ya mabati ya karakana.

"Shemeji, nisikilize. Wewe unajua kazi yangu inataka nini? Inataka macho. Mtu akileta geti, anataka pembe ziwe pembe. Yule fundi wa njia panda walisema tu anaona vimulimuli, vimulimuli tu, watu wakaanza kupima mageti yake kwa kamba. Sasa hivi anauza sabuni. Mimi nikisimama niseme nimeona taa angani, si watasema macho yameungua? Nani ataniletea dirisha?"

"Kwa hiyo bora waseme mimi ni kichaa."

"Hapana, si hivyo." Alitafuta maneno, na yale aliyoyapata yalikuwa mabaya kuliko kunyamaza. "Ila wewe wameshakuzoea."

Bi Darubini alimtazama. Wameshakuzoea. Kama vile harufu ya mfereji. Alitamani kusema mambo mengi na yote yalikuwa matusi, akayameza, maana alikuwa mke wa watu zamani na dada wa mtu sasa, na mdogo wake hakuwa na kosa.

"Una deni langu," alisema. "Neno moja tu. Sikusamehe, na usije ukafikiri nimesahau."

Akaondoka. Nyuma yake kinyozi akawasha mashine.

Tangu siku hiyo alianika uani, kwenye kamba moja iliyofungwa kati ya choo na bomba. Mashuka yakala vumbi la unga. Msimamizi wa nyumba ya wageni akamrudishia bunda zima mikononi. "Haya ni mashuka au magunia, mama? Wageni wangu walalie chapati?" Akampa nafasi moja ya mwisho. Bi Darubini akayafua tena yote, na kila aliposugua alikuwa anasugua uso wa mtu.

Mdogo wake akaja, mkono umefungwa kitambaa, amekasirika naye.

"Dada, mwache mume wangu. Mtaa mzima wanamtania."

"Wanamtania siku ngapi? Mimi wananitania tangu wewe hujaolewa."

Mdogo mtu akakaa kwenye jiwe la kufulia. "Kweli aliiona?"

"Nenda kamuulize anayelala naye. Aa, ndiwe."

"Usinichekeshe, nina hasira." Lakini alicheka kidogo, kisha akasema polepole, "Siku ile aliyotoka kukusaidia, alikaa mlangoni anatazama juu mpaka chakula kikapoa. Nikamuuliza, akaniambia mgongo unauma. Dada, mtu akiumwa mgongo anatazama juu?"

Bi Darubini alipiga shuka kwenye beseni kwa nguvu mpaka maji yakamrukia mdogo wake.

Yaliyosemwa nyumbani kwa fundi baada ya hapo hakuna anayeyajua. Ila siku iliyofuata, adhuhuri, watu wamejaa uani wanasubiri maji, mwenye nyumba amekaa kwenye kiti chake anasimamia foleni, kinyozi ameleta ndoo zake, na Bi Darubini amefunga ncha moja ya shuka kwenye nguzo anakamua peke yake kama anayemnyonga mtu, fundi akaingia. Alikuwa na nguo zake za kazi. Nyuma yake alifuata yule mzee wa grili, kamba ya kupimia mkononi. Walikuwa njiani kwenda kupima madirisha.

Fundi alisimama katikati ya ndoo.

"Mama mwenye nyumba, shikamoo. Niliiona."

Mwenye nyumba alimtazama. "Uliona nini?"

"Taa. Siku ile nilisema natazama shuka. Nilidanganya. Ilikuwa ya rangi ya chungwa, ikasimama juu ya tangi, ikapanda, ikazimika. Tochi ya shemeji nilikuwa nayo mimi mkononi, haina hata betri."

"Cheche hizo, fundi!" kinyozi akadakia. "Jamani, macho yameungua!"

"Cheche nazijua, nazila mchana kutwa. Ile haikuwa cheche."

"Basi ilikuwa nini?"

"Sijui," fundi alisema, na uso wake ukawa mwekundu kama aliyekaribia moto. "Sijui ilikuwa nini. Nasema niliiona."

Wakacheka, bila shaka wakacheka. Safari hii Bi Darubini hakuwasikiliza. Alikuwa anamtazama yule mzee wa grili, ambaye alikuwa anaikunja kamba yake taratibu.

"Fundi," mzee alisema kwa adabu, "hayo madirisha acha kwanza nikayafikirie."

Akaenda zake. Fundi alimsindikiza kwa macho mpaka mzee akatoka nje ya geti, wala hakumwita.

Mwenye nyumba akainuka kwenye kiti kwa shida, akaingiza mkono mfukoni, akautupa ufunguo ndani ya beseni la Bi Darubini.

"Sijasema nimeamini," alisema. "Kichaa mmoja juu ya paa langu atadondoka. Wakiwa wawili watashikana. Na nyinyi mnaocheka, foleni haisogei yenyewe."

Bi Darubini aliutafuta ufunguo ndani ya povu, akaupata, akaufuta kwenye gauni. Hakumshukuru mwenye nyumba. Angemshukuru kwa kurudishiwa kitu alichonyang'anywa? Akamgeukia shemeji yake, ambaye bado alikuwa amesimama katikati ya ndoo hajui aweke wapi mikono.

"Umechelewa," alimwambia.

"Najua, shemeji."

"Na umenifulisha bunda zima la mashuka mara mbili."

"Najua."

Alimtazama tena, akatazama na geti alilopitia mzee wa grili alipoondoka. Hasira ilikuwepo bado, ila haikuwa na pa kukaa tena juu ya mtu huyu.

"Haya," alisema, kwa sauti ileile ya ugomvi, maana siku hiyo hakuwa na nyingine. "Deni limekwisha. Hatudaiani."