Vitanzi Themanini

Jumamosi asubuhi mtaa mzima wa Bwiza, Bujumbura, hutoka na majembe. Ni saa za kazi za jumuiya: maduka hufungwa, na kila nyumba humtoa mtu kwenda kuzibua mitaro au kufagia barabara. Jumamosi hiyo ya mwisho wa Agosti, vumbi la kiangazi likiwa limelala juu ya kila jani, aliyetoka nyumbani kwao ni Mawazo. Mumewe, Hyacinthe, alikuwa safarini kwenda mji wa Ngozi na lori la saruji. Nyumbani alibaki mama mzazi wa Mawazo, Namegabe, pamoja na Olga, binti wa Mawazo wa miaka saba.

"Mama Olga, leo sindano umeziacha wapi?" jirani yake Sumaya akamtania, huku akiinua koleo lililojaa matope. "Mi nilizani utaufumia na huu mutaro triko yake."

Triko ndilo jina la sweta katika mji huo. Wanawake waliokuwa mtaroni wakacheka, na Mawazo naye akatabasamu. Alikuwa amezoea. Nani anayefuma sufu Bujumbura, mji ambao mtu hulala dirisha wazi na bado akaamka shuka limelowa jasho? "We utaivisha hawa watoto kama mikate," Sumaya aliwahi kumwambia. Kisha mvua za Novemba zilipoanza, huyo huyo Sumaya akaja kimyakimya kumwombea mjukuu wake kofia.

Mawazo hakufuma ili auze. Siku za kazi alikaa kwenye kibanda cha fotokopi kando ya barabara, akiwachapia watu barua za kuomba kazi na matangazo ya misiba. Jioni, vyombo vikishaoshwa, alivuta kikapu chake, na kwa saa moja au mbili hakuna aliyemwona akikunja uso. Uzi mpya wa sufu ni wa shida, kwa hiyo alifuma kama mama yake alivyomfundisha kwao Bukavu, Kongo. Alikwenda soko la Ruvumera kwa Twahiru, muuza mitumba, akachukua sweta kuukuu lililotoboka kiwiko. Nyumbani alitafuta ncha ya uzi kwenye bega, akaivuta, na sweta zima likarudi kuwa uzi.

Uzi uliofumuliwa huwa umejikunjakunja kama nywele zilizotoka kwenye misuko, kwa sababu kila kitanzi kimeuachia alama yake. Huoshwa kwa maji ya vuguvugu, kisha huanikwa ukiwa umening'inizwa chupa ya maji kwa chini, mpaka unyooke. Namegabe hakusema unyooke. Alisema usahau. "Wache usahau kwanza," ndivyo alivyokuwa akimwambia binti yake. "Uzi ukikumbuka nguo ya zamani, nguo mupya inatoka imepinda."

Jina la Mama Olga, Mawazo hakuwa nalo tangu mwanzo. Kwa miaka saba aliitwa Mama Divin, kwa mtoto wake wa kwanza. Divin alikufa kwa malaria iliyopanda kichwani, mwezi wa Novemba, miaka miwili iliyopita. Aliugua siku tatu tu. Majirani hawakukaa kikao, wala hakuna aliyependekeza kitu. Siku ya nne baada ya mazishi Sumaya alibisha mlangoni na kuita, "Mama Olga, uko?" na kuanzia siku hiyo mtaa mzima ukafuata. Mawazo alielewa kwamba walikuwa wanamhurumia. Hata hivyo, kwa wiki kadhaa alipoitwa hivyo aligeuka nyuma kuona ni nani anayeitwa.

Mwaka ulipotimia, ukoo wa Hyacinthe ulikuja kuondoa matanga, shughuli ambayo Warundi huiita kuganduka. Kwa desturi yao, nguo za marehemu hazibaki nyumbani baada ya siku hiyo. Shangazi zake Divin waligawa kaptula zake na viatu vyake kwa watoto wa milimani. Mawazo alizitoa nguo zote kwa mkono wake, moja baada ya nyingine, isipokuwa sweta. Aliwaambia wote, na Hyacinthe pia, kwamba limepotea. Ulikuwa uongo wa kwanza aliomwambia mumewe, na hakuujutia.

Sweta hilo lilikuwa na historia yake. Lilifumwa mara ya kwanza Divin alipoanza shule ya chekechea, la rangi ya majivu. Kila mwisho wa Agosti, kabla shule hazijafunguliwa, Namegabe alilifumua lote na kulifuma upya likiwa kubwa zaidi, na kwa kuwa uzi wa mwaka uliotangulia haukutosha, aliongeza mstari wa rangi mpya chini. Wa kwanza ulikuwa wa manjano, kisha mwekundu, kisha kijani, kisha kahawia. Alipima mabega ya mtoto kwa kamba iliyofungwa mafundo, fundo moja kwa kila mwaka. Mwaka wa mwisho sweta lilianza na vitanzi themanini.

Sasa lilikaa ndani ya foronya, kwenye sanduku chini ya kitanda. Harufu ilikuwa imekwisha zamani. Lakini kwenye kiwiko cha kushoto lilikuwa na doa la wino, na ukingo wa mkono wa kulia ulikuwa umetafunwa, kwa sababu Divin alipokuwa akisoma hesabu alitafuna sweta. Viwiko vyote viwili vilikuwa vimetokeza nje. Mawazo alipolitandika juu ya kitanda, mikono ya sweta ilikaa imekunjwa kidogo, kama ya mtu. Hakuwa na kitu kingine cha mwanawe chenye umbo lake.

Kazi za jumuiya zilimalizika saa nne na nusu. Mawazo alinawa miguu kwenye bomba la uani, akaingia ndani.

Mama yake alikuwa ameketi kwenye mkeka karibu na dirisha, mgongo umenyooka, uso wake umetulia kama zamani. Mikono ilikuwa inakwenda haraka: wa kulia unavuta, wa kushoto unazungusha. Mbele yake kulikuwa na madonge manne ya uzi wa rangi ya majivu na matatu madogo, la manjano, jekundu na la kijani, yamepangwa vizuri. Kwenye paja lake kilikuwa kimebaki kipande chembamba, upana wa vidole vitatu, chenye mstari wa kahawia.

"Mama Divin, umerudi," alisema Namegabe. Yeye peke yake ndiye aliyebaki akimwita hivyo. "Angalia, nimekusaidia. Shule inafunguliwa, na mutoto bado hana triko. Mwaka huu umechelewa sana."

Namegabe alikuwa amepoteza kumbukumbu kidogo kidogo tangu mazishi. Siku nyingine aliuliza kwa nini ziwa limehamia upande wa pili wa mji, kwa sababu alidhani yuko Bukavu. Mawazo alikuwa amemwambia mara tatu kwamba Divin amekufa. Mara zote tatu mama yake alilisikia jambo hilo kwa mara ya kwanza. Alianguka chini, akalia, akajipiga kifua, na kesho yake akauliza mtoto amekwenda wapi.

Mawazo hakujua alivukaje chumba. Alijikuta ameshika kile kipande na kukivuta, na uzi ukakaza kati yake na mama yake.

"Achia! Mama, achia! Umefanya nini? Nani amekupa hii?"

Namegabe aliachia. Aliinua mikono yote miwili juu, viganja mbele, kama alivyoiinua zamani za vita, barabarani mbele ya watu wenye bunduki.

"Nimekosa nini?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Olga ameileta. Ilikuwa chini ya kitanda, mende wataila. Mi nimekosa nini?"

Kile kipande, kilipovutwa, kilikuwa kimeachia vitanzi vingine ishirini. Mawazo alikitazama kikiendelea kufumuka chenyewe mkononi mwake. Ghadhabu ilimpanda, na pamoja nayo yakaja yale maneno: amekufa, Mama, umeniharibia kitu cha mwisho, amekufa. Alifungua mdomo.

"Mama, usimwambie."

Olga alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba, kidole mdomoni.

"Ukimwambia atalia mpaka jioni, hatakula," alisema mtoto. "We unaendaga kazini. Mimi ndiye nabakiaga naye."

Mawazo alifunga mdomo. Akakaa chini pale pale, na kile kipande kikiwa bado kwenye ngumi yake.

Namegabe alishusha mikono taratibu. Ukelele wa binti yake alikuwa ameshausahau. Hasira ilibaki usoni kwa binti yake tu. Alipapasa ndani ya mkunjo wa kitenge chake, akatoa kamba ya mafundo, akaisugua kwa kidole gumba.

"Divin!" aliita. "Divin, kuya hapa nikupime. Usikimbie kucheza kwanza."

Olga alikuwa ameshaanza kutembea. Alivua kitambaa cha kichwani akakiweka juu ya kiti. Alivua bangili zake mbili za plastiki akaziweka juu ya kitambaa. Akaja mpaka mbele ya mkeka, akageuka, akampa bibi yake mgongo na kuinua mikono kidogo pembeni.

"Niko hapa, Koko," alimwambia bibi yake, kwa sauti nzito kidogo kuliko yake.

Hakusitasita popote. Mtu havui bangili namna ile siku ya kwanza. Mawazo alifikiria zile siku zote alizokuwa kibandani akichapa barua za watu, na mtoto huyu akiitwa hapa kwa jina la kaka yake, na kuitika, ili nyumba itulie.

Namegabe alinyoosha kamba kutoka bega hadi bega. Kidole chake kilitembea juu ya mafundo kikahesabu, kikafika kwenye la mwisho, kikasimama. Akanyoosha tena. Kidole kikasimama pale pale.

"Ajabu," alisema. Alimgeukia binti yake, na macho yake yalikuwa na hofu. "Mama Divin, mutoto huyu mbona hakui? Mwaka jana hapa, mwaka huu hapa hapa. Munamulisha nini?"

Nje, Sumaya alikuwa anamcheka mtu, na jembe likaburuzwa juu ya mawe. Olga hakujitikisa.

"Aliugua, Mama," alisema Mawazo. "Malaria ilimusimamisha."

Hapakuwa na uongo ndani yake. Namegabe aliyapokea maneno hayo, akayafikiria, akaitikia kwa kichwa polepole. Hakuanguka. Alinyoosha mkono akampapasa Olga kisogoni, mahali nywele zinapoanza.

"Pole, mutoto wangu. Malaria ni mbaya." Kisha akamwambia Mawazo, kama fundi anavyomwambia fundi mwenzake: "Basi, mwaka huu hatuongezi rangi. Vitanzi ni vilevile, themanini. Akipona ataongezeka. Leta beseni tuufue uzi."

"Apana, Mama. Huu hatuufui."

"Haujasahau bado. Angalia unavyojikunja."

"Wache ujikunje."

"Triko itapinda, mi nakuambia."

"Ipinde."

Namegabe alimtazama binti yake kwa muda, jinsi mtu anavyomtazama mwanafunzi aliyemfundisha vizuri na bado anakosea. Kisha akainua mabega, akamsogezea donge moja kwa mguu.

Mawazo alifungua ngumi. Kile kipande chenye mstari wa kahawia alikiweka kwenye kikapu bila kukifumua. Alichukua sindano, akatafuta ncha ya donge, akaanza kupandisha vitanzi. Moja, mbili, tatu. Uzi ulikuja mkononi mwake umejikunja, kila mkunjo mahali pake, na ilimbidi auvute kwa nguvu kidogo ili ukubali kukaa juu ya sindano. Kitanzi cha thelathini na moja kilikuwa na wino. Cha thelathini na mbili pia. Baada ya hapo wino ukapotea, kisha ukarudi, nukta moja ya bluu, ndogo kama kichwa cha pini.

Aliacha kuhesabu. Alipoinua macho, aliona Olga bado amesimama mbele ya mkeka, mgongo umewaelekea, mikono imeinuliwa pembeni na inaanza kutetemeka, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba kupimwa kumekwisha.

"Shusha mikono, mwanangu," alisema Mawazo, bila kutaja jina.