Ndugu wa Uzi wa Dhahabu

Binti yangu ndiye aliyenipeleka kwenye makumbusho ya chama kimoja cha zamani cha kusaidiana, hapa Birmingham. Mzee aliyetutembeza alisimama mbele ya bendera yenye mikono miwili iliyoshikana, imeshonwa kwa uzi wa dhahabu. Akasema wanachama waliitana ndugu, na mmoja akifa, wengine walimtunza mjane wake.

Binti alipotafsiri, nilicheka vibaya.

"Ndugu! Mwambie mume wangu alikuwa na ndugu wawili wa tumbo moja, kule Bukavu. Alipouawa vitani, yule mkubwa, mwimbishaji wa kanisa, aling'oa milango ya nyumba nikiwa ndani. Mdogo akabeba mashine yangu ya kushonea."

"Mama, plizi," binti akanong'ona. Hakuwahi kuyasikia hayo.

"Mwambie yote. Kisha muulize, hao ndugu zake waliwatunza wajane kweli, au walishona bendera tu?"

Mzee alisikiliza mpaka mwisho, wala hakuitetea bendera. Alisema baba yake alikufa yeye akiwa mtoto, na watu wa chama walileta makaa na mkate mpaka mama yake alipopata kazi.

Nilimtazama usoni, nikamwamini.

"Wanawake mnapokea?" nikamuuliza mwenyewe, kwa Kiingereza changu cha kuokoteza.

"Chama bado kipo, na siku hizi, ndiyo."

Nikamgeukia binti. "Mwambie nitakuja na jirani yangu Msomali, mjane kama mimi. Lakini kabla ya kula kiapo chochote cha kujiunga, tuwaone kwanza hao wajane wao."

"Njooni Jumatano," mzee akajibu. "Mtawakuta wanakunywa chai na kugombana."