Choo kilichokohoa kama muzee

Ninyi mucheke tu, nimeshazoea. Katika mutaa wetu hapa Katindo kuna watoto ambao mpaka leo nikipita wanakohoa, halafu wanakimbia, na mimi ninajifanya sijasikia, juu nitawaambia nini? Mimi ni prof ya physique, yaani mwalimu wa fizikia, ninafundisha mambo ya maji na presha yake kila mwaka kwenye ubao, na aibu kubwa ya maisha yangu ilitoka ndani ya choo changu mwenyewe, saa tisa ya muchana, mbele ya kikundi kizima cha maombi na mbele ya mama mukwe wangu. (Mama mukwe! Kwetu mukwe na mama mukwe hata kupeana mukono ni jambo la kufikiria kwanza.)

Yote yalianza na maji. Munajua robine za hapa, hizi bomba za maji, zinaweza kukaa juma nzima zinapumua hewa tu, na sisi nyumbani tulikuwa tunajaza siterne ya plastiki kule nyuma, pipa kubwa linaloleta maji mpaka chooni, kwa bidoni za manjano, yaani madumu, zinazotoka Kituku ziwani, na kila bidoni imepanda kwenye mugongo wa mutu. Sasa choo chetu kilikuwa cha zamani, ukivuta mara moja tu kinameza karibu bidoni nusu, hata kama umeingia kwa jambo dogo. Nikaona kwenye telefone namna watu wanabadilisha ile mashine ya ndani ya tangi, wanaweka mupya yenye vidude viwili vya kubonyeza: kidogo kwa jambo dogo, kikubwa kwa jambo kubwa. Nikasema, hii ni akili. Muke wangu Furaha akaniambia, "Papa Neema, muite Papa Kambale," yaani fundi wa mabomba, anakaa mbele yetu pale, hatua ishirini. Mimi nikamujibu, "Prof ya physique aite mutu aje kumufundisha maji?"

Basi nikafanya mwenyewe. Nilifungua, nikatoa mashine ya zamani, nikaweka mupya, na kila kitu kilikaa vizuri isipokuwa mupira wa chini, ule unaozuia maji ya tangi yasiteremke ndani ya kiti cha choo. Ulikuwa mudogo kuliko tundu. Ningerudi dukani kuubadilisha, ni mwendo wa dakika kumi, lakini mvua ilikuwa inanyesha na nilikuwa na kipande cha mupira wa gurudumu la kinga, yaani baiskeli. Nikakikata kwa makasi, nikakaza, nikabonyeza kidogo, maji kidogo; nikabonyeza kikubwa, maji mingi. Nikaita nyumba nzima waje kuona. Nilisimama pale nikaeleza kama niko darasani.

Hapa lazima niwaambie jambo la muzee. Baba mukwe wangu na mama mukwe walikuwa wametukimbilia kutoka milimani kule Masisi juu ya vita, ng'ombe zimeenda, nyumba imeenda, wakaja na godoro moja. Muzee alikuwa mutu wa maneno machache sana. Kabla ya kuingia mahali popote anakohoa kwanza, "mmh... hrrm," ndiyo hodi yake, halafu anapita. Alikufa nyumbani mwetu, kwa usingizi, majuma matatu kabla ya mimi kugusa kile choo.

Muchana wa kesho yake, watu wote wako kwenye salon, yaani sebuleni, hakuna mutu chooni, tukasikia kule ndani, "Mmh... hrrrm." Halafu maji yakatembea. Halafu kimya.

Furaha alikuwa anachambua maharagi, mukono wake ulisimama hewani. Neema, binti yetu, akasema tu, bila woga, kama mutu anayesalimia, "Babu yuko chooni." Nilienda kufungua mulango. Hakuna mutu. Kiti kikavu, dirisha dogo limefungwa, na ile baridi ya simenti. Nikarudi nikasema ni upepo. Baada ya nusu saa hivi kikakohoa tena.

Sasa mimi, juu niko prof, nilijua siku ileile. Ule mupira wangu wa kinga ulikuwa unapitisha maji polepole bila sauti, maji ya tangi yanashuka, boya linashuka nayo, valve ya kuingiza maji inafunguka, na hewa iliyo ndani ya tiyo, lile bomba la kuleta maji, ndiyo inakohoa kabla ya maji. Physique tu. Lakini nilikuwa nimeshajisifu mbele ya nyumba nzima, na kila nilipotaka kusema nilimuona mama mukwe, na nikanyamaza. Alikuwa ameanza kumujibu mume wake. Choo kinakohoa, naye huko jikoni anasema polepole, "Ndiyo, Baba Furaha." Siku ya tatu alichukua kiti chake kidogo cha muti akakiweka kwenye kuluwari, ile njia ya kati ya vyumba, mbele ya mulango wa choo, akakaa pale na kitambaa chake cha kufuma. Anafuma, anangoja. Kikikohoa anainamisha kichwa. Sisi tukitaka kuingia tunamuomba ruhusa, na anatuachia njia kama mutu anayelinda chumba cha mugonjwa. Nawaambia ukweli, hata mimi niliyejua ni mupira, nilianza kwenda haja kwa jirani. Unakaa pale ndani, nyuma yako tangi linakohoa kwa sauti ya mutu uliyemubeba kwenye jeneza, physique inakuacha peke yako.

Jumamosi kikundi cha maombi kikaja kumukumbuka muzee, watu kama makumi mawili, Mama Sifa mbele na Biblia yake. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka volkano mpaka kwenye madirisha, muchana ukawa kama majivu. Nikaona, hii ndiyo nafasi: wote wako salon wanaimba, na mama mukwe katikati yao. Nilikuwa nimenunua mupira wa kweli asubuhi. Nikajipenyeza chooni, nikafunga mulango, nikakunja suruali.

Shida ikawa robine ya kufunga maji. Imeshikwa na kutu, haizunguki. Kwa hiyo nilimwaga tangi, na mukono wa kushoto nikashikilia boya juu ili maji yasiingie, na wa kulia ukaanza kufungua nati kule chini, kichwa changu kiko karibu ndani ya tangi. Nilikuwa nimefika katikati wakati nilisikia kiti kidogo kinavutwa kwenye simenti, nyuma ya mulango.

"Baba Furaha," mama mukwe akasema.

Mungu wangu. Kama ningetoka pale pale, ningesema nini? Kwamba mukwe yuko chooni na suruali imekunjwa, na mama mukwe ndiye anabisha? Nikasema moyoni, atasema neno moja, atarudi kwenye nyimbo.

"Watu wamekuja juu yako," akaendelea, kwa sauti ile ya mutu na mume wake. "Wameimba muzuri. Lakini mimi nimechoka, Baba Furaha. Hawa watoto wananipa chakula, hawaniambii neno mubaya, lakini ninaona, mimi ni muzigo kwao. Ninafikiri kurudi kule juu, kwa shamba letu. Ninajua wale waliorudi hatujasikia habari yao. Lakini wewe ndiye kichwa. Kama unataka niende, kohoa. Kama nibaki, nyamaza. Nitahesabu mpaka kumi."

Na akaanza kuhesabu, kwa Kinyarwanda, polepole. *Rimwe. Kabiri.*

Mukono wangu wa kushoto ulikuwa umeshika boya muda murefu, umekufa ganzi, maji baridi yanateremka mpaka kwapani. *Gatatu. Kane.* Kule salon wimbo ulikuwa unapanda. Nilitaka kuleta mukono wa kulia usaidie, lakini ulikuwa chini na nati, na nikiuachia mashine nzima itaanguka. *Gatanu. Gatandatu.* Sijawahi kuomba Mungu namna ile, na nilikuwa ninaombea kidude cha plastiki.

*Karindwi,* saba, na vidole vyangu vikateleza.

"Mmh... hrrrrm," tiyo ikasema.

Nyuma ya mulango, hesabu ikakatika. Halafu akasema, bila kulia, kama mutoto anayetumwa dukani, "Basi. Nimesikia. Nitaenda juma hii."

Ile sauti ndiyo iliniogopesha kuliko yote. Sikufikiria mukwe, sikufikiria suruali. Nikapiga kelele, kichwa bado kiko ndani ya tangi: "Hapana! Usiende! Baki!"

Munajua sauti inavyokuwa ndani ya tangi la choo? Ilitoka nene, ya chini, si yangu hata kidogo. Mama mukwe alipiga yowe moja, kiti kikaanguka, wimbo ukakatika. Mimi kwa haraka nikageuka, nikagonga kifuniko cha tangi, kikaanguka kikapasuka vipande, mashine ikatoka, maji yakanirukia kifuani. Niliposhika mulango kuufungua, upande wa pili Mama Sifa alikuwa ameshaushika auzuie, anasema kwa nguvu, "Kwa jina la Yesu, sema wewe ni nani!"

"Ni mimi!" nikajibu. "Papa Neema!"

"Papa Neema gani?"

"Prof ya physique!"

Wakaachia. Nikatokea mbele ya watu makumi mawili, nimelowa, miguu wazi mpaka magoti, na boya mukononi. Wengine walikuwa wameshafika barabarani bila viatu. Nikaeleza yote palepale, mupira, kinga, valve, na nikiwa ninaeleza nikaona hakuna anayesikiliza physique, wote wanamuangalia mama mukwe aliyekaa chini kwenye simenti na kitambaa chake kwenye mudomo. Furaha alimuinua. Hakuniangalia. Halafu wageni wakataka kunawa mikono ili wale chakula, na tukagundua siterne nzima ni tupu: mashine yangu ya kulinda maji ilikuwa imekunywa maji ya juma nzima. Papa Kambale alivuka barabara, akaangalia kile kipande nilichokata, akakiminya, akasema tu, "Aah, prof." Kazi yake ilikwisha kabla chai haijachemka.

Choo kikanyamaza. Siku tatu mama mukwe hakutoka chumbani nikiwa nyumbani. Siku ya ine, asubuhi, ninavaa viatu vya shule, akasimama mbali kidogo kama inavyotakiwa, macho chini.

"Papa Neema. Ile siku, nani alisema hapana?"

"Ni mimi, Mama."

"Si muzee?"

Ningeweza kudanganya. Nilifikiria. "Si muzee, Mama."

"Nilijua," akasema. "Muzee hakuniambia 'baki' hata siku moja katika maisha yake. Alikuwa anakohoa tu, na mimi ndiye ninatafuta maana." Halafu akasema, "Nitabaki. Lakini ile kukohoa yake, mwanangu, ungeniachia hata juma moja tena."

Nikaenda kazini nikafundisha vibaya siku nzima.

Yuko nasi mpaka leo. Akipita kuluwari mara nyingine anasimama mbele ya ule mulango, anatega sikio, halafu anaendelea, na mimi nimejikuta ninafanya vilevile. Mambo ya bomba nimeapa sitayagusa tena, hata robine ikidondosha tone moja ninavuka barabara kumuita Papa Kambale. Na nimejifunza hili moja, mulichukue bure: ukiwa nyuma ya mulango na mutu anaanza kuongea na marehemu wake, usingoje afike saba. Sema mapema, "Niko humu," hata kama suruali imekunjwa.