Mama Alitaka Hukumu

Jaji alikuwa mwanamke mpole, na hilo ndilo linalonisumbua. Angekuwa mkali ningejua pa kuielekeza hasira yangu. Alivua miwani, akamtazama mama, kisha baba mkubwa, kaka yake marehemu baba yangu, akasema kwa Kiswahili cha taratibu, "Naweza kuandika hukumu. Mmoja wenu atatoka hapa na kipande cha shamba, na nyote mtatoka bila ndugu. Nendeni kwanza mkazungumze."

Tulikuwa tumeshuka Voi kutoka Wusi, kwetu milimani, alfajiri. Baba mkubwa alikuwa na wakili. Mama alikuwa na mimi, binti aliyemaliza chuo kikuu na ambaye bado hajaajiriwa. Kwenye benchi la nyuma walikaa majirani zetu waliokuja kwa mambo yao, wakitusikiliza kama watu wasikilizavyo redio. Nilitamani sakafu inifunike. Ukoo unaoshtakiana hauna pa kuficha uso.

"Mheshimiwa," mama akasema, "mimi sikuja kwa sababu ya kipande."

"Ulikuja kwa sababu gani, mama?"

"Huyu alisema niling'oa mimea ya mpaka aliyopanda baba mkwe, ili nimege shamba lake. Alisema kanisani, siku ya mavuno, watu wamejaa. Nataka korti iseme kama niling'oa au sikung'oa."

Jaji alivaa tena miwani yake. Akaeleza kwamba hakuna aliyeona mtu aking'oa kitu, na kwamba yeye angeangalia ramani na hati, si mimea. "Huenda hata hukumu yangu isikupe unachotafuta," akasema. "Mkielewana wenyewe, mnaweza kuzungumza mambo ambayo mimi siwezi kuyaandika."

Ilionekana hoja nzuri. Bado naiona nzuri, nikiwa nimetulia. Lakini nina tabia ya kuuliza, na swali langu lilikuwa moja: amani hii inamfaa nani zaidi? Aliyesingiziwa, au aliyesingizia?

Mama alikataa mara mbili. Mara ya tatu jaji alisema, "Mama, nakuomba," na mama akakubali. Nilimuuliza nje, karibu na mfereji, kwa nini amelegea.

"Wewe ungefanyaje? Mtu mwenye cheo chake anakuomba kwa heshima mbele ya watu. Ukikataa tena, wewe ndiye mbaya."

"Lakini ana cheo, mama. Huko si kuomba."

"Basi nenda ukamwambie."

Sikwenda.

Mazungumzo hayakuchukua muda. Baba mkubwa aliachia kipande chote. Nilijiuliza, na bado najiuliza, mtu aachie vipi kirahisi hivyo kitu anachoamini aliibiwa. Masharti yalikuwa kwamba yaliyosemwa yasifufuliwe, na kwamba hakuna upande unaokubali kosa. Wakili alitusomea sentensi hiyo kwa sauti ya mtu anayegawa zawadi. Mama alitia sahihi yake pole pole, kama alivyofundishwa darasani.

Jumapili iliyofuata mchungaji aliwasimamisha wote wawili mbele ya kanisa. Alituambia tumshukuru Mungu kwa hawa waliokoseana na kusameheana. Watu wakapiga makofi. Mwanamke mmoja akapiga vigelegele. Baba mkubwa alitabasamu, akampa mama mkono. Mama alikuwa amesimama hapo kama mtu aliyetubu, na sikujua nitazame wapi. Waliokoseana. Yeye alikosea nini?

Miezi kadhaa ikapita. Mchana mmoja baba mkubwa akaja nyumbani, kikombe cha maji mkononi kimefunikwa kwa kisahani. Tulijua alichokuja kutaka. Kwetu inaaminika kwamba hasira ya ndugu ikikaa moyoni huweza kumgonjwesha mtoto asiyejua lolote. Dawa yake ni mwenye hasira aitaje kwa mdomo wake, apige funda la maji, ayapulize nje na kumtakia mtoto mema. Wazee huliita jambo hili kutasa. Wanakanisa huwa hawalitaji sana, lakini wanalijua.

"Shemeji," alisema, "mjukuu wangu homa inakuja na kwenda. Hospitali tumeenda, dawa amemaliza. Nimekuja uitoe ile hasira yako."

Mama alikuwa anachambua mboga. Hakuinua kichwa. "Hasira gani? Si tulipatana? Korti iliandika."

"Ile ni ya korti."

"Kumbe kuna ya korti na kuna nyingine."

"Usinichezee, shemeji. Mtoto ni mgonjwa."

Mimi siamini kwamba hasira huleta homa. Nilisomea takwimu, nilisomea jamii, na ningemwambia mtu yeyote arudi hospitali wapime upya. Hata hivyo, nilipokuwa nimesimama mlangoni mwa jiko, kulikuwa na kitu ndani yangu kilichotaka mama akatae. Kilitaka yule mzee akae na hofu yake, na mtoto na homa yake, hadi neno litoke. Nakitazama sasa na nashindwa kukipa jina zuri.

"Sema basi," mama akamwambia. "Uliniona niking'oa?"

Alitazama kikombe. "Sikuona mtu. Nilikuta mimea imeng'oka."

"Na jina langu ulilitoa wapi?"

"Lilikuja tu."

"Sasa kaliseme hilo pale uliposema lile lingine."

"Tulikubaliana tusifufue. Ni masharti."

Mama aliacha mboga. Alimtazama muda mrefu, nami nikadhani atamfukuza. Kisha akafuta mikono kwa leso, akachukua kile kikombe. Alizungumza kwa Kidawida, lugha yetu ya nyumbani, kwa sauti ya chini, akitaja kila kitu: mavuno, makofi, njia aliyokuwa akiizunguka ili asikutane na watu wakitoka ibada. Alipiga funda, akapuliza. Akamtakia mtoto usingizi, hamu ya chakula na miguu yenye nguvu. Alipuliza tena na tena, hadi kikombe kikaisha. Mzee alilia kidogo. Akashukuru, akaondoka.

Dirisha lilikuwa wazi. Njiani alikutana na jirani yetu, mzee wa kanisa, na sauti za watu wa milimani hazijui kunong'ona.

"Umetoka kwa shemeji yako?"

"Ndiyo. Tumemaliza kabisa sasa."

"Vizuri. Na ile habari ya mimea, ilikuwaje mwishowe? Aling'oa?"

 Nilishika ukingo wa dirisha.

"Ah," baba mkubwa akasema. "Hiyo korti haikuamua."

Wakaendelea na habari za mvua. Nyuma yangu mama alikuwa amerudia mboga zake, nikasikia majani yakikatika. Sikugeuka.