Nyumba ya Dallas Iliyokataza Hewa

Nyinyi hapo kwa benchi, wacheni kwanza kuchagua hiyo viazi. Na wewe wa kofia ya sufu, sogea karibu, usije ukasema mimi Kirimi nilikudanganya ukiwa mbali. Nimetoka Embu, na huko nimeona nyumba ambayo hewa inafukuzwa kama mbuzi kwa shamba ya sukuma.

Mnajua mama yangu na kile kikohozi chake. Mnajua pia baridi ya hapa kwetu Kiirua. Asubuhi nikikamua ng'ombe, maziwa inatoka imeganda, navunja na nyundo ndio ijae kwa ndoo. Basi mimi kama mtoto mzuri nikafunga jikoni ya mama, ile ya kuni, upepo wa mlima usimpate. Ile nafasi kati ya ukuta na mabati, gunia. Dirisha, gunia. Kila ufa, gunia. Jikoni ikawa joto kama tumbo ya ng'ombe. Lakini kikohozi ikazidi, mpaka daktari wa dispensari akasema huyu mama akae mahali hakuna moshi.

Ndugu yangu mdogo, Mutwiri, amejenga Embu. Akasema, "Mlete kwangu. Kwangu hakuna moshi, hakuna vumbi, hata upepo haujui mlango."

Wiki tatu hazijaisha, mama akanipigia simu. Sauti ilitoka kama iko ndani ya chupa.

"Kirimi, kuja unitoe. Huku nakohoa kuliko huko. Na Mutwiri ananiambia ni uzee."

Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi, Kiirua. Nikaongeza gunia mbili kwa jikoni, mama akirudi apate joto. Nikashika jogoo wangu, yule akiwika watu wa Nanyuki wanavaa viatu, kwa sababu huwezi enda kwa ndugu yako mikono ikining'inia. Nikapanda lori ya viazi.

Kona za Nithi zimepinda mpaka nikaona kisogo changu mwenyewe. Tukifika Chuka nikatoa koti. Tukifika Runyenjes jogoo naye angetoa manyoya kama angejua vifungo viko wapi.

Saa saba mchana, Embu, mtaa wa Dallas. Nikabisha. Mlango ukafunguka kidogo tu, upana wa chapati.

"Muga, habari yako ndugu yangu! Ingia haraka, hewa isiingie na wewe!"

Nikaingia kimbavu-mbavu, jogoo mbele. Mutwiri akafunga mlango, akazungusha raba, akapiga selotepu juu.

"Hii inaitwa nyumba ya kubana bili ya stima," akasema. "Joto haitoki, baridi haiingii. Kesho injinia anakuja kupima. Nikipita mtihani, wananibandikia stika hapo kwa mlango. Itakuwa ya kwanza Dallas yote!"

"Na hii harufu?"

"Harufu gani?"

Jamani! Kulikuwa na rangi mpya, vanishi, gundi ya kapeti, na samaki wadogo wa omena. Omena yenyewe ilipikwa Jumapili ya wiki iliyopita, lakini ilikuwa bado imekaa kwa kochi kama mgeni. Ukuta ulikuwa unatoa jasho. Nyuma ya kabati ukungu mweusi umechora ramani ya Kenya, mpaka Lodwar inaonekana.

Mutwiri mwenyewe alikuwa amejifunga kitambaa kwa kichwa.

"Kichwa inauma?"

"Kila siku. Ni mawazo ya stika."

Mama nikampata kwa chumba yake, amekaa karibu na dirisha ile haifunguki, anasuka kiondo. Macho mekundu. Alikohoa mpaka kiondo ikaruka. Akanishika mkono.

"Umekuja, kijana yangu. Mimi sitaki stika. Nataka kupumua."

Nikaambia Mutwiri namrudisha nyumbani. Akakataa kabisa. "Umrudishe kwa moshi afe? Ngoja injinia aseme. Akisema nyumba ni mbaya, mchukue."

Jumatano, saa tatu asubuhi. Jogoo hakuwika. Alifungua mdomo, akapiga miayo, akaketi.

Injinia akafika, mama mmoja mnene mcheshi, na feni kubwa kama mlango. Akaivalisha kwa mlango wa mbele na turubai. "Hii inavuta hewa ya ndani itoke nje," akasema. "Kama kuna tundu mahali, tutajua."

"Hakuna tundu," Mutwiri akasema. "Mimi ndio fundi."

Feni ikawaka. Vuuuu! Pazia zikasimama, masikio yangu ikaziba. Halafu kutoka chumba ya mama tukasikia: Pa! Pa! Pa! Magunzi ya mahindi yakaja yakipaa kama risasi, saba nimehesabu. Moja ikapiga Mutwiri kwa paji la uso, akakaa chini.

Kumbe mama alikuwa ametoboa tundu saba na sindano ya kiondo, kwa ile povu ngumu Mutwiri alizibia kando ya dirisha, akapanua pole pole, halafu akaziba na gunzi, vile anazibanga kibuyu ya uji. Akitaka hewa, anachomoa gunzi, anaweka pua.

"Mama! Umeniharibia nyumba!"

"Nimeitoboa pua!" mama akajibu.

Jogoo alikimbia kwa hizo tundu, akavuta hewa, akawika mpaka kioo ikalia.

Injinia akazima feni, akatoa kamashine kadogo ka kupima hewa. Pale sebuleni kakapiga kelele kama mbwa ameona nyoka. Kwa chumba ya mama kakanyamaza.

"Bwana Mutwiri, ulisoma karatasi yetu?"

"Nilisoma yote! Ziba hapa, ziba pale."

"Na ukurasa wa pili?"

Mutwiri akatupa jicho nyuma. Injinia akafuata hayo macho mpaka kwa mlango wa nyuma, akachomoa karatasi imekunjwa imepigwa ndani ya tundu ya ufunguo. Akaikunjua, kumbe ndio huo ukurasa wa pili, akasoma: "Baada ya kuziba, kila chumba kiwekewe njia ya hewa safi."

Stika Mutwiri hakupata. Lakini kabla ya saa sita, milango ikiwa wazi yote, alitoa kitambaa kwa kichwa, akauliza ile kuumwa imeenda wapi. "Mchukue mama," akaniambia pole pole. "Nikiweka matundu nitakuja kumchukua."

Alhamisi, njiani kurudi. Mama alikaa kando ya dereva, kichwa nje ya dirisha, anakunywa upepo. Mpaka Meru alikohoa mara mbili tu. Mimi nikamwelezea vile nimejifunza: ukiziba nyumba mdomo, iwachie pua. Nikacheka Mutwiri kutoka Chuka mpaka Nkubu.

Saa kumi jioni, Kiirua. Mimi mbele, kifua nje, nikamfungulia jikoni yake. "Angalia mama, nimeongeza gunia!"

Mama akaangalia dirisha. Akaangalia juu kwa mabati. Akaingiza mkono kwa kiondo, akatoa ile sindano, akapiga kelele mpaka majirani wakatoka:

"Mungu wangu! Nimezaa vijana wawili, na wote ni mafundi wa kunizika juu ya ardhi!"