Benchi ya Nyuma

Siku ya Yenga, ile ya ibada, ukiingia kanisani kwetu hapa mujini Baraka, usinitafute kwenye kwaya. Miye niko kwa benchi ya nyuma, ile ya ukutani, ya bantu benye balifungiwa. Kwetu muntu akikosa, bazee ba kanisa banamuketisha pale: hakuna kuimba, hakuna Meza ya Bwana, mupaka asimame mbele ya bote aombe musamaha. Pale kunaketi mulevi. Kunaketi binti mwenye alibeba mimba bila ndoa. Na miye, ju ya pantalon.

Pantalon, suruali ya sport! Sikuiba, sikuchukua bwana ya muntu. Nafundisha bamama kunyoosha mwili, basi.

Ilianza na mama yangu. Anauzaka ndakala, bale samaki badogo, sokoni, anaketi pale toka asubui mupaka jua inazama. Tansio ya damu ikamupanda, miguu ikavimba, akafika pa kushikwa na bantu babili ndio aingie kanisani, kwenye kiti chake cha mbele cha bamama biongozi. Munganga wa hospitali akasema atikise mwili kila siku. Mama akacheka.

"Miye muntu muzima huyu, nirukeruke kama chura?"

"Ruka nyuma ya jikoni, mama. Nani atakuona?"

Akafunga kikwembe, kitenge chake, kiunoni vizuri, tukaanza. Mi nahesabu, yeye ananitukana. Lakini aliniapisha nisimwambie muntu, na sikusema.

Majirani bakaona tu kama mama anatembea, bakaniuliza nilimupa dawa gani. Nikabapeleka kwa kiwanja ya mupira. Siku za kwanza nilifundisha na kikwembe, mupaka asubui moja nikarusha muguu juu, kikwembe ikafunguka ikaanguka chini, kiwanja nzima ikanishangilia. Nilipata haya, we! Siku ileile nikaenda sokoni kununua pantalon ya mitumba.

Kijana mumoja akanipiga video. Ikapita simu kwa simu, mupaka Uvira na Bukavu. Radio ikaniita niongoze mazoezi kila Posho asubui, Yenga ikiwa kesho yake. Bamama bakatoka Lweba na pikipiki kunitafuta, na banaume benye banarudi kuchimba dhahabu kule Lulimba bananipigia kelele njiani: "Kochi! Kochi!" Niliipenda ile sifa, sidanganyi. Niliipenda sana.

Ndipo bazee batatu bakaniita kwa biro, ofisi ya kanisa. Mumoja akatoa simu, akanionyesha ile video.

"Huyu ni nani?"

"Ni miye, muzee. Na mumeniangalia mara ngapi?"

Mumoja akakohoa. Mukubwa wao hakucheka. Akasema Siku ya Yenga nisimame, nikubali kosa, niache ile kazi. Nikikataa, benchi ya nyuma. Na mama yangu naye atatoka kwenye kiti cha mbele, kwani mama mwenye hawezi kuongoza mutoto wake ataongoza bamama ba kanisa namna gani?

Ee, walijua pa kunipigia! Kile kiti mama alikipata akiwa angali kijana, hana kitu kingine cha kujivunia duniani. Nilipomwambia, alilia huku anachambua majani ya sombe.

"Omba tu musamaha, mutoto wangu. Ni maneno tu."

Neno moja lingeniokoa, kwamba mama mwenyewe anaruka kila asubui, na lile neno nilikuwa nimeapa. Nikalimeza.

Siku ya Yenga nilivaa kikwembe, kwa heshima. Yule muzee mukubwa akaniuliza mbele ya kanisa yote:

"Unakubali kosa?"

"Nakubali kama nilivaa pantalon. Kosa, muzee, siioni. Na kesho asubui niko kwa kiwanja."

Akaninyooshea kidole nyuma, nikaenda, sikumuangalia mama. Nilijua nimemunyanganya kile kiti, na moyo uliniuma sana, lakini uongo haukutoka kinywani.

Muzee akaita wimbo. Mama akasimama.

"Ngoja kwanza, muzee. Miye pia nafanya. Kila asubui, nyuma ya jikoni. Huyu mutoto ananifichia siri tangu mwanzo, na miye nilimuacha asimame peke yake."

"Mama, keti," muzee akamwambia.

"Mulinionaka nikishikwa na bantu babili kuingia humu. Leo nani ananishika?"

Akatoka kwenye kiti cha mbele, akapita katikati ya kanisa peke yake, polepole, mikono haigusi benchi hata moja. Nilihesabu hatua zake kimya, namna ninavyohesabu pale jikoni. Akanifikia, anahema.

"Sogea."

Nikasogea. Akaketi, akapanga kikwembe magotini, akaninongoneza macho yakiwa kwa muzee:

"Kesho nitafutie pantalon. Ikuwe pana."